Tathmini za maelezo badala ya gredi katika chuo cha Evergreen: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wazazi, walezi na wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakiwa wa familia zilizotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania na kuhamia miji ya Kent na Tukwila, kusini mwa Seattle, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Chuo kinachozungumziwa ni The Evergreen State College, chuo cha umma kilichoko Olympia, makao makuu ya jimbo hilo. Majibu si tamko rasmi la chuo. Yameandikwa na mtu ambaye amekuwa akizisomea familia hizo tathmini za watoto wao na kuzieleza kwa Kiswahili, na kwa hiyo jambo lolote linalohusu ada au tarehe ya mwisho lithibitishwe kwenye ofisi ya msajili.

Tathmini ya maelezo ni nini?

Ni maandishi ya mhadhiri, kwa kawaida yasiyozidi ukurasa mmoja au miwili, yanayoeleza mwanafunzi alifanya kazi gani katika programu, aliifanya kwa kiwango gani, amepiga hatua wapi na wapi bado hajafika. Hukaa mahali ambapo chuo kingine kingeandika A, B au C. Evergreen haitoi gredi za herufi wala haikokotoi GPA, yaani wastani wa gredi zote za mwanafunzi.

Aliyesoma Afrika Mashariki ameshaona jambo linalofanana na hili chini ya ripoti ya shule, kwenye mstari wa maoni ya mwalimu wa darasa: "Ana uwezo, aongeze bidii." Lakini pale maoni ni nyongeza tu ya maksi, mstari mmoja ulioandikwa harakaharaka na mwalimu mwenye rundo la ripoti mbele yake, ilhali hapa maoni ndiyo matokeo yenyewe, na hakuna maksi zilizofichwa nyuma yake.

Kwa nini chuo kiliamua kutotumia gredi?

Gredi za herufi si za kale kama wengi wanavyodhani. Chuo cha wanawake cha Mount Holyoke, huko Massachusetts, kilianza kuzitumia mwaka 1897, na herufi zenyewe zilikuwa kifupi cha asilimia. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 vyuo kadhaa vipya vya Marekani vilianza bila kuzirithi: University of California, Santa Cruz, iliyofunguliwa mwaka 1965, Hampshire College iliyopokea wanafunzi mwaka 1970, na Evergreen yenyewe, ambayo bunge la jimbo liliidhinisha kuanzishwa kwake mwaka 1967 na ikaanza kufundisha mwaka 1971.

Hoja inayotajwa sana ni kwamba gredi humfanya mwanafunzi aisomee alama badala ya somo. Hiyo ni kweli kwa kiasi chake, ila kwa maoni yangu sababu nzito zaidi iko katika namna chuo kinavyofundisha. Mwanafunzi wa kutwa hajiandikishi masomo manne au matano yanayokwenda kila moja njia yake; hujiandikisha katika programu moja yenye krediti 16 (krediti ni kipimo cha kiasi cha masomo), ambayo mara nyingi hufundishwa na wahadhiri wawili au zaidi wa fani tofauti, na ambayo huweza kuendelea kwa robo mbili au tatu za mwaka na wahadhiri walewale. Programu moja huweza kubeba biolojia, takwimu, historia na uandishi kwa pamoja. Herufi moja ingelazimika kujumlisha vyote hivyo, na matokeo yake yangekuwa kwamba aliye hodari wa maabara lakini dhaifu wa kuandika, na mwenzake aliye kinyume chake, wote wawili wangerudi nyumbani na B, na asiyewafahamu asingeweza kuwatofautisha.

Nani huandika, na lini?

Robo moja ya masomo huchukua takribani wiki kumi, na baada yake huja wiki ya tathmini. Wiki hiyo watu huandika pande zote mbili. Mhadhiri huandika tathmini ya mwanafunzi. Mwanafunzi naye huandika tathmini binafsi, akieleza alichojifunza kwa maneno yake mwenyewe, na tena humwandikia mhadhiri tathmini ya ufundishaji wake. Hii ya mwisho hubaki katika kumbukumbu za kazi za mhadhiri na haiingii katika transkripti ya mwanafunzi, yaani rekodi rasmi ya masomo yake.

Kisha hufanyika mkutano wa ana kwa ana. Mwanafunzi huketi na mhadhiri wake, karatasi za wote wawili zikiwa mezani, na kila mmoja husikia alivyoonwa na mwenzake. Wanafunzi wetu wengi huingia katika mkutano huu kama walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, wakiitikia kila neno na kushukuru. Ningependa wafahamu kwamba huo ndio wakati wa kuuliza "Hapa unaposema nilihitaji msaada, unakusudia kazi ipi?" na kwamba mhadhiri hataona swali hilo kuwa utovu wa adabu.

Tathmini nzuri inafananaje?

Mifano miwili ifuatayo nimeitunga mwenyewe ili kuonyesha tofauti. Si ya mwanafunzi yeyote. Wa kwanza:

"Alikuwa mwanafunzi mzuri katika programu yetu. Alihudhuria vizuri, alishiriki katika semina na alikamilisha kazi zote. Tunamtakia kila la heri."

Wa pili:

"Katika mradi wa kupima chumvi na joto la maji ya ghuba ya Eld Inlet, alichukua vipimo kila wiki kwa wiki saba, na daftari lake la uwandani lilikuwa safi kiasi kwamba wenzake walilitumia kusahihishia ya kwao. Grafu zake za kwanza zilikuwa na makosa ya mizani. Kufikia wiki ya nane aliweza kueleza bila msaada kwa nini vipimo viwili vilivyopishana sana na vingine havikupaswa kufutwa. Ripoti yake ya mwisho ina hoja sahihi, ingawa utangulizi ni mrefu kuliko matokeo, na vitabu viwili vimetajwa bila kutumiwa. Katika semina husikiliza zaidi kuliko kusema, na anaposema huanza kwa kutaja ukurasa."

Mfano wa kwanza una sifa tupu, na mzazi huufurahia kwa sababu hauna neno baya. Msomaji wa kamati ya udahili ataupita kwa sekunde chache, kwa kuwa ungeweza kuandikwa kuhusu mtu yeyote. Mfano wa pili una kasoro tatu zilizotajwa wazi, na ndio unaomsaidia mwanafunzi, kwa sababu aliyeusoma anajua sasa kwamba kijana huyu anaweza kukaa na vipimo vyake wiki saba na kwamba husoma kabla ya kusema.

Chini ya maelezo huwekwa orodha ya krediti zilizotolewa na masomo yanayolingana nazo. Kwa mfano wetu inaweza kusomeka: biolojia ya bahari 6, takwimu 4, uandishi 4, historia ya mazingira 2. Jumla ni 16. Orodha hiyo fupi hurukwa na wasomaji wengi, na ndiyo inayotafutwa kwanza na chuo kitakachompokea mwanafunzi baadaye.

Sasa mwanangu amepata ngapi?

Hili ndilo swali lenyewe, na mengine yote hulizunguka. Mama mmoja aliwahi kunipa bahasha yenye kurasa ishirini na mbili. Nikamsomea karibu zote, tukiwa tumeketi jikoni kwake, chai ikapoa. Alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, akashukuru, kisha akauliza kwa upole: "Sawa baba, sasa amepata ngapi?"

Nambari ya kweli iliyomo katika karatasi hizo ni moja tu, nayo ni ya krediti: mwanafunzi alijiandikisha kwa krediti ngapi, na amepewa ngapi. Aliyejiandikisha kwa 16 akapewa 16 ametimiza masharti ya programu. Aliyepewa 12 kuna sehemu ya kazi ambayo haikukubaliwa, na tathmini inapaswa kueleza ni ipi. Zaidi ya hapo hakuna hesabu.

Ninajua kwamba mzazi aliyezoea asilimia za diploma ya serikali ya Kongo, wastani wa gredi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya, au divisheni za matokeo ya mitihani ya Tanzania ataliona jibu hilo kuwa la kukwepa. Hata hivyo naomba asijaribu kulitafsiri kwa kukisia kwamba "vizuri sana" maana yake ni A. Wahadhiri hawaandiki kwa kipimo kimoja. Mmoja ana ulimi mtamu kwa kila mtu, mwingine akisema "kazi imara" amemsifu mtu kwa kiasi ambacho hukisema mara chache. Kinachofaa kuangaliwa ni vitenzi. Maandishi yanayosema mwanafunzi alieleza, alipima, alithibitisha au alirekebisha yana uzito kuliko yanayosema alijaribu, alionyesha hamu au alianza kuelewa. "Alianza kuelewa" kwa lugha ya wahadhiri ni njia ya adabu ya kusema kwamba hajaelewa bado.

Je, kuna kufeli?

Herufi F haipo, lakini krediti hupotea, na hasara yake ni ya kweli. Shahada ya kwanza inahitaji krediti 180. Mwanafunzi anayekosa krediti zote 16 za programu amepoteza robo nzima ya mwaka pamoja na ada aliyolipa. Kwa kuwa programu moja hubeba mzigo wote wa robo hiyo, hakuna somo jingine la kufidia, na hapo ndipo mfumo huu unapokuwa mkali kuliko unavyoonekana kwa mbali.

Basi mfumo huu si rahisi kuliko gredi?

Kwa asiyependa mitihani ni rahisi kuuanza. Kuumaliza ni jambo jingine: mwanafunzi hawezi kujificha nyuma ya wastani, kwa maana uzembe wa wiki ya tatu huweza kuandikwa kwa jina lake kama uzembe wa wiki ya tatu.

Kwa nini mwanafunzi ajitathmini mwenyewe? Si kujisifu huko?

Wengi wetu tumelelewa na methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kijana aliyelelewa hivyo akiombwa aandike ukurasa mzima juu ya mafanikio yake huandika mistari mitano, minne ikiwa ya kuwashukuru wahadhiri. Nimeona tathmini binafsi za namna hiyo, na zilimpunja mwandishi wake pakubwa.

Kinachotakiwa si sifa. Ni ushahidi. Mwanafunzi aeleze aliingia akiwa anajua nini, alifanya nini kwa mikono yake, alikosea wapi na alirekebishaje, na sasa anaweza kufanya jambo gani ambalo mwanzoni mwa robo hakuliweza. Kuandika "nilisoma ripoti yangu ya kwanza tena baada ya wiki sita nikaona kwamba hoja yangu ilitegemea jedwali moja tu" si kujisifu, na kunaonyesha ukomavu kuliko kuandika "nimejifunza mengi sana". Anayetaka kuandika vizuri aweke daftari tangu wiki ya kwanza, akiandika mistari michache kila Ijumaa, kwa kuwa anayesubiri wiki ya tathmini hukumbuka wiki mbili za mwisho tu.

Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Hatapungukiwa?

Hatari ipo, na inakuja kwa njia mbili. Mhadhiri anaweza kutaja makosa ya sarufi kwa urefu uliopita kiasi hadi hoja nzuri ikafunikwa. Na mwanafunzi mkimya katika semina anaweza kusomeka kama asiyejitayarisha, kumbe anapanga sentensi yake kichwani na mjadala umeshahamia kwingine. Gredi ya mtihani wa maandishi isingemwona mkimya huyo kabisa. Tathmini ya maelezo humwona, lakini huenda ikamwona vibaya.

Dawa yake ni kumweleza mhadhiri mapema, si wiki ya kumi. Mwanafunzi mmoja ninayemfahamu alikuwa akipeleka maswali mawili yaliyoandikwa kabla ya kila semina. Mwishoni tathmini yake ilitaja maswali hayo kuliko ilivyotaja ukimya wake.

Akitaka kuhamia chuo kingine au kusoma uzamili Marekani, watamkubali asiye na GPA?

Evergreen ina ithibati ya Northwest Commission on Colleges and Universities, ambayo ndiyo hiyohiyo inayosimamia vyuo vikuu vingine vya jimbo la Washington, na wahitimu wake huendelea na masomo ya juu. Programu nyingi za uzamili husoma maelezo pamoja na barua za mapendekezo na kazi ya mwombaji. Ugumu hujitokeza pale ambapo waombaji huchujwa kwanza na kompyuta kwa kiwango cha chini cha GPA. Katika hali hiyo mwombaji asiache nafasi wazi wala asibuni nambari. Aiandikie ofisi ya udahili, aeleze kwamba chuo chake hakitoi gredi, na aombe maelekezo. Kwa shule za sheria, shirika la LSAC linalokusanya transkripti za waombaji halibadilishi maelezo kuwa alama, hivyo matokeo ya mtihani wa kujiunga hubeba uzito zaidi.

Anayelenga udaktari au uhandisi ahakikishe kwamba kemia, fizikia na hisabati zinaonekana kwa majina yao katika orodha ya krediti zinazolingana. Programu yenye jina zuri la kishairi haitamsaidia ikiwa kemia imemezwa ndani yake bila kutajwa.

Akirudi Tanzania au Kenya, shahada itatambuliwa?

Kwa Tanzania, tuzo za nje hutambuliwa na kulinganishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Kutambuliwa kwa shahada ni jambo moja, na kuwekwa katika daraja ni jingine. Tanzania hupanga shahada kwa GPA ya kipimo cha 5: daraja la kwanza ni kuanzia 4.4, la pili la juu kuanzia 3.5, la pili la chini kuanzia 2.7, na vyuo vingi huomba angalau hilo la mwisho kwa anayetaka uzamili. Transkripti ya Evergreen haina nambari ya kuweka katika jedwali hilo. Anayekusudia kurudi aombe mapema barua ya msajili inayoeleza mfumo wa tathmini na kusema wazi kwamba chuo hakikokotoi GPA, na aiambatishe na maombi yake badala ya kusubiri aulizwe. Anayerudi Kenya afanye vivyo hivyo, na aulize mamlaka husika kabla ya kuondoka Marekani, wakati ofisi za chuo bado ziko karibu naye.

Wakenya wana faida moja ndogo hapa. Mtaala mpya wa umilisi, wenye viwango vya kuzidi matarajio, kufikia matarajio na kukaribia matarajio, umeshawazoesha wazazi kuzungumza juu ya mtoto bila kutaja nafasi aliyoshika darasani. Hata hivyo viwango hivyo bado ni ngazi, na tathmini ya maelezo haina ngazi.

Ufadhili wa serikali na viza huhesabiwaje?

Kwa krediti. Anayepata msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani hupimwa kama anapiga hatua ya kuridhisha, na jumla ya krediti anazojiandikishia haipaswi kuzidi asilimia 150 ya zile zinazohitajika. Kwa shahada ya krediti 180 hiyo ni 270. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, anayesoma shahada ya kwanza hutakiwa kuwa na angalau krediti 12 kila muhula wa masomo. Yeyote anayefikiria kupunguza mzigo azungumze kwanza na mshauri wa wanafunzi wa kigeni.

Tathmini ikiwa si ya haki, afanye nini?

Aanze na mhadhiri mwenyewe, kwa maandishi na kwa mambo mahususi. Kosa la ukweli, kama vile kusema hakuwasilisha ripoti ambayo ipo na ina tarehe, lina nguvu na hurekebishwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 iitwayo FERPA inampa mwanafunzi haki ya kuomba kumbukumbu zenye makosa zirekebishwe, lakini haimpi haki ya kupinga maoni ya kitaaluma ya mhadhiri kwa sababu tu hayampendezi. Asiporidhika, hatua inayofuata ni kwa mkuu wa kitengo cha taaluma.

Je, ni Evergreen peke yake?

Hapana, ingawa idadi ni ndogo na inapungua. Alverno College ya Milwaukee ilianza katika miaka ya 1970 kupima wanafunzi kwa uwezo mahususi bila gredi. Sarah Lawrence College huandika maelezo, lakini huweka pia gredi kwenye faili kwa ajili ya transkripti. Santa Cruz ilirudi nyuma: wahadhiri walipiga kura mwaka 2000 kufanya gredi kuwa za lazima, na mwaka 2010 maelezo yakawa ya hiari. Chuo kilikuwa kimekua sana, na mhadhiri mwenye ukumbi wa mamia ya watu hawezi kuandika ukurasa wa kweli juu ya kila mmoja. Atanakili sentensi zilezile, na mtarudi kwenye "alikuwa mwanafunzi mzuri".

Kwa Watanzania niongeze tahadhari moja kuhusu Hampshire. Chuo hicho hugawa masomo katika hatua zinazoitwa divisheni, ambazo si madaraja ya matokeo kama divisheni za mitihani ya Tanzania: ya kwanza ni ya mwanzo, ya pili ni ya fani aliyoichagua mwanafunzi, na ya tatu ni mradi mkubwa wa mwaka wa mwisho. Kijana akipiga simu nyumbani kusema "nimefika divisheni ya tatu", apongezwe.

Mzazi anayelipa ada anaweza kutumiwa tathmini moja kwa moja?

Kwa kawaida hapana. Kwa mujibu wa FERPA haki za kumbukumbu huhamia kwa mwanafunzi anapoanza chuo au anapofika miaka 18, na ofisi itataka idhini yake ya maandishi, hata kama jina la mzazi ndilo lililo kwenye risiti. Njia ya mkato ni mwanafunzi mwenyewe kuomba nakala na kuileta. Ikifika, mwambieni aisome kwa sauti na aieleze kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kabla ya kunitafuta mimi. Atakapokwama kwenye tafsiri, mara nyingi ni pale ambapo na yeye hakuelewa mhadhiri alikuwa anamwambia nini.